Pampu ya umeme kwa Weber mbili: anza na presha, lita zifuate

SWALI: Fundi, habari. Nina Datsun 160J hapa Nakuru. Nilitoa injini ya L16 nikaweka L20B yenye kemu kali, egzosi ya mabomba manne na kabureta mbili za Weber 45 DCOE. Nikipanda kuelekea Timboroa, gia ya tatu, raundi 5,000, gari linavuta vizuri kama sekunde tano, kisha linakata na kupiga chafya kwenye kabureta. Nikiachia mafuta, linarudi. Niliambiwa pampu ya kemu (ile ya mafuta inayoendeshwa na injini yenyewe) imelemewa, nikafunga pampu ya umeme ya Corolla ya EFI (isiyo na kabureta, mafuta hupulizwa kwa presha kubwa) na reguleta ndogo ya kupunguza presha, ya kuzungusha kwa mkono. Sasa petroli inamwagika kwenye kabureta na plagi zimejaa masizi. Rafiki mmoja anasema ninunue pampu ya Holley Blue, mwingine anasema pampu yoyote ya lita 120 kwa saa. Ninunue ipi?

JIBU: Ndugu, kwanza toa hiyo pampu ya EFI. Itoe leo, usingoje wikendi. Hedi ya injini za L ina njia ya hewa na njia ya moshi upande mmoja, kwa hiyo Weber zako zimekaa juu kabisa ya mabomba ya egzosi. Petroli inayomwagika hapo inadondokea chuma cha moto. Mambo ya raundi 5,000 tutayazungumza gari likiwa bado halijaungua.

Sababu ya kumwagika ni hii. Kinachofunga mafuta yasiingie kwenye bakuli la kabureta ni vali ya sindano, na kinachoisukuma sindano ifunge ni floti inayoelea. Tuseme tundu la vali yako ni milimita 2. Kwa presha ya psi 3 (psi ni pauni kwa inchi ya mraba), mafuta yanaisukuma sindano kwa nguvu inayolingana na uzito wa gramu 6 au 7. Floti inaimudu bila shida. Pampu ya EFI imeundwa kutoa psi 40 hivi, na kwa presha hiyo nguvu kwenye tundu lile lile inakaribia gramu 90. Floti haikuongezeka ukubwa, kwa hiyo inashindwa, bakuli linafurika, na unapata masizi kwenye plagi na petroli juu ya egzosi.

Reguleta yako haikukosa kazi kwa bahati mbaya. Reguleta hizi za kuzungusha hazina njia ya kurudisha mafuta kwenye tangi. Zinachofanya ni kubana tu. Zimekusudiwa kupokea psi chache kutoka pampu ya kabureta. Ukizipa psi 40, haziwezi kufunga sawasawa, hasa injini ikiwa sailensa (ikiunguruma bila kukanyagwa mafuta) na mafuta yanayotumika ni kidogo. Pampu nayo inabanwa mbele, inapata moto na kuipasha petroli joto. Wapo wanaotumia pampu ya EFI kwenye kabureta kwa kufunga reguleta ya njia tatu na bomba nene la kurudi hadi kwenye tangi. Inawezekana, ila unajenga mfumo mzima wa presha kubwa, halafu unaipoteza yote mlangoni mwa kabureta. Sioni faida yake kwenye gari kama lako.

Sasa turudi kwenye ugonjwa wa mwanzo, maana usije ukanunua pampu kutibu ugonjwa usio wa pampu. Injini yako ikiwa imetengenezwa vizuri, tuikadirie nguvu farasi 140. Injini ya petroli isiyo na turbo, mafuta yakikanyagwa hadi chini, hutumia karibu lita 0.31 kwa saa kwa kila nguvu farasi moja. Hiyo ni lita 43 kwa saa, au mililita 12 kila sekunde, 6 kwa kila kabureta. Bakuli la Weber lina akiba ndogo. Ikiwa kinachoingia ni pungufu ya kinachotoka, unavuta vizuri sekunde kadhaa kwa kutumia ile akiba, kisha jeti (vitundu vinavyopimia mafuta) zinaanza kunyonya hewa. Zile sekunde tano ulizotaja ni dalili nzuri sana ya njaa ya mafuta. Kama gari lingekwama pale pale unapokanyaga, ningekutuma kwenye jeti na pampu ya kuchapuza iliyo ndani ya kabureta, si kwenye tangi.

Thibitisha kwa macho. Tafuta mlima usio na magari, vuta hadi ikate, hapo hapo kanyaga klachi na uzime injini bila kurudisha ufunguo mahali pa kufunga usukani. Egesha, acha egzosi ipoe kidogo, fungua kifuniko cha juu cha Weber, chomoa kishikio cha jeti kuu na uangalie usawa wa mafuta ndani ya kisima chake. Linganisha na usawa unaouona gari likiwa sailensa. Ukikuta umeshuka sana, mafuta hayafiki. Ukikuta uko pale pale, rudi kwenye jeti na moto wa plagi.

Kama umeshuka, anza na vitu vya bure. Legeza kifuniko cha tangi mara baada ya kukata: ukisikia hewa ikiingia kwa sauti, kipumulio cha tangi kimeziba, na hakuna pampu duniani itakayokusaidia hadi ukizibue. Chomoa bomba la kutoka kwenye tangi na uangalie kama petroli inatoka na vumbi la kutu. Magari ya umri huu huwa na kijichujio ndani ya tangi kilichojaa matope mekundu, na mara nyingi mtu amebadilisha pampu mbili kabla ya kukumbuka kukiangalia. Angalia pia mipira: mpira mzee hupasuka kwa ndani na kufunga kama kope, ilhali nje unaonekana mzima.

Inafaa ujue kwamba pampu ya kemu ya injini za L si dhaifu kama ulivyoambiwa. Ikiwa nzima hutoa psi 3 hadi karibu 4, na kipimo chake cha kiwandani ni lita moja kwa dakika kwenye raundi 1,000, yaani lita 60 kwa saa. Kwa hesabu tu, inatosha. Inachoshindwa ni mazingira. Imefungwa kwenye hedi, mahali pa moto, na inanyonya petroli kutoka nyuma ya gari. Ukinyonya mafuta unashusha presha ndani ya bomba, na presha ikishuka petroli huchemka kwa joto dogo zaidi. Sasa weka mwinuko juu yake. Nakuru ni karibu mita 1,850 kutoka usawa wa bahari, na Timboroa ni zaidi ya mita 2,700, ambako presha ya hewa imepungua kwa zaidi ya robo ukilinganisha na Mombasa. Pampu inayonyonya inategemea presha hiyo hiyo ya hewa kuyasukuma mafuta kuijia. Kwa hiyo juu kule inapata msukumo mdogo na petroli iliyo tayari kugeuka mvuke. Mvuke ukiingia, pampu inazungusha povu tu.

Hapo ndipo pampu ya umeme inapokuwa na maana: faida yake kubwa ni kwamba unaweza kuifunga nyuma, chini, jirani na tangi, ili isukume badala ya kunyonya. Ukiifunga kwenye boneti kwa sababu ni rahisi kupata waya, umebaki na tatizo lile lile na umeongeza bili.

Presha ya kuchagua

Weber DCOE zinataka psi 3, au 3.5 ukipenda. Ukipita 4 unaanza kucheza na mafuriko, hasa kwenye barabara ya makorongo ambako floti inarukaruka. Kabureta za SU zinataka chini ya hapo, na Holley za V8 za Kimarekani zinakunywa psi 6 au 7 bila kulalamika. Ndiyo maana ushauri wa pampu haufai kuchukuliwa kutoka kwa mtu mwenye kabureta tofauti na yako.

Unaweza kuuliza: kama zinataka psi 3, kwa nini nisinunue pampu ya psi 3, nikaachana na reguleta? Kwa sababu psi 3 zinahitajika mbele, kwenye kabureta, na njiani kuna hasara. Gari linapochapuka, mafuta yaliyo ndani ya bomba yanarudishwa nyuma kama abiria anavyolala kwenye kiti. Bomba la mita 3, gari likiongeza kasi kwa nusu ya mvutano wa dunia, linapoteza psi 1.6. Mlima wenyewe unaongeza kidogo, kimo kati ya chini ya tangi na kabureta kinaongeza kidogo, filta chafu inaongeza kidogo. Pampu ya psi 3 inafika mbele na psi 1, na ni pale pale unapohitaji mafuta mengi kuliko wakati wowote. Kwa hiyo funga pampu ya psi 6 hivi nyuma, na reguleta mbele, karibu na kabureta, iliyowekwa psi 3. Reguleta inakuwa na ziada ya kufanyia kazi, na kabureta zinaona psi 3 ukiwa sailensa na ukiwa gia ya tatu.

Kiasi cha mafuta

Tulipata lita 43 kwa saa. Usipunguze kwa sababu ya mwinuko wa Nakuru. Siku ukishuka Mombasa injini itapata hewa yote na itataka mafuta yote. Ongeza robo kwa ajili ya pampu kuchoka na voltesi kushuka, inakuwa 54. Kama utafunga bomba dogo la kurudi (nitaeleza chini), ongeza 14. Jumla ni lita 68 kwa saa, karibu lita 1.15 kwa dakika.

Lita 120 za rafiki yako zinaweza kutosha au zisitoshe. Namba kubwa iliyoandikwa kwenye boksi kwa kawaida ni ya pampu ikimimina bila kizuizi chochote. Pampu ya Holley Red inatangazwa galoni 97 za Kimarekani kwa saa ikimimina wazi, lakini kwa psi 4 inabaki karibu 70. Hiyo ni kampuni inayosema ukweli wake wote. Pampu za boksi lisilo na jina husema namba ya kwanza tu, na wakati mwingine hata hiyo ni matumaini.

Ipi, basi?

Chaguo langu kwa gari lako ni Facet ya silinda, ile inayoitwa Silver Top au Red Top, pamoja na reguleta yenye filta ya aina ya Filter King. Red Top hufika psi 7 hivi, kwa hiyo bila reguleta usiiguse. Na Weber 45 mbili haziwezi kuimaliza. Facet ya mraba ya psi 4 hadi 6 ni nafuu, ndogo na ngumu kufa, nayo inaweza kutosha, ila ipime kwanza kama nitakavyoeleza.

Holley Blue iache. Inapiga psi 14, ina kelele, na ni pampu ya V8. Holley Red inafaa kwa presha, lakini ni kubwa kuliko mahitaji yako, na pampu za mapanga kama hizo huchukia vumbi na kuzunguka kavu. Tangi likiisha mafuta mara kadhaa, mapanga yanaisha. Facet hazina mapanga. Ndani kuna pistoni inayopigwa na sumaku, ndiyo maana zinagonga tik-tik-tik. Sauti hiyo ina faida: ikigonga polepole, bomba limejaa na presha ipo, ikigonga haraka bila kukoma ilhali injini imezimwa, inavuta hewa, tangi limeisha au mafuta yanavuja mahali.

Pampu ndogo za bei rahisi zilizoandikwa HEP-02A utazikuta karibu kila duka la vipuri. Nyingine zinafanya kazi miaka, nyingine wiki. Kwa kurudi nyumbani ukikwama ni nzuri. Weka moja kwenye buti. Kwa mashindano au safari ya usiku usiitegemee peke yake.

Kwenye reguleta kuna mtego mmoja. Holley huuza mbili zinazofanana kwa sura: moja inarekebishwa kati ya psi 4.5 na 9, nyingine kati ya 1 na 4. Ya kwanza haitashuka hadi psi 3 hata ukifungua skrubu yote. Na zile ndogo za kuzungusha, namba zilizochongwa kichwani ni mapambo. Amini geji peke yake. Nunua geji ya psi 0 hadi 15. Geji ya psi 100 haiwezi kukuonyesha tofauti kati ya 3 na 5.

Kufunga

Tenganisha betri, toa petroli kwenye tangi au liwe karibu tupu, fanyia kazi nje, na kizima moto kiwe mkononi mwa mtu, si kwenye gari la jirani.

Pampu ikae jirani na tangi, chini ya usawa wa sakafu ya tangi ukiweza, mbali na bomba la egzosi na nyuma ya chuma kitakachoikinga na mawe ya murram. Facet ielekeze mdomo wa kutoa juu. Ifunge kwa raba za kuzuia mtikisiko, la sivyo chesisi nzima itakuwa ngoma. Usiifunge ndani ya kabini.

Kabla ya pampu weka filta yenye matundu makubwa kiasi, maikroni 70 hadi 100 (maikroni 1,000 ni milimita moja), kwa ajili ya kutu na mchanga. Filta laini ya maikroni 10 hadi 40 iende baada ya pampu. Wengi hugeuza: filta laini upande wa kunyonya ikianza kuziba inaleta mvuke ule ule unaoukimbia. Bomba liwe na kipenyo cha ndani cha milimita 8 kutoka tangi hadi reguleta. Na usisahau kipande kilicho ndani ya tangi. Ukibadilisha mita 3 za bomba na kuacha kijimrija chembamba mwanzoni, hujafanya kitu. Mpira uwe wenye maandishi SAE J30 R6 au R9. Mpira wa maji wa rangi nzuri hulainika na petroli na kuteleza.

Pampu ya kemu itoe kabisa, weka kibati cha alumini cha milimita 5 au 6 na gasketi, bila kugusa kemu yake ndogo iliyo mbele. Ukiiacha pampu ile mahali pake na kupitishia mafuta ndani yake, siku kiwambo chake kitakapotoboka pampu ya umeme itajaza petroli kwenye oili.

Kati ya Weber na egzosi weka bati la kuzuia joto. Kwa injini yako hilo si urembo. Bomba la kurudi nalo linasaidia sana: toa tawi karibu na kabureta, lirudi kwenye tangi kupitia tundu la milimita 1. Kwa psi 3 hupita lita 14 hivi kwa saa, zinazotosha kuyaweka mafuta kwenye mwendo na kuuondoa mvuke baada ya kusimama juani. Ukitoboa milimita 1.5 utapoteza lita 30, kwa hiyo chunga biti yako.

Umeme

Usichukue moto kutoka kwenye waya ya redio. Tumia relei (swichi inayowashwa na umeme mdogo): pini 30 itoke betri kupitia fyuzi iliyo karibu na betri, 87 iende kwenye pampu kwa waya ya milimita za mraba 2.5, 86 ipate moto wa swichi, 85 iende ethi. Facet hula ampia 2 hivi, fyuzi ya 5 yatosha. Ethi ya pampu iende kwenye chuma kilichokwanguliwa rangi. Kisha pima voltesi kwenye nguzo za pampu yenyewe injini ikiwa inaunguruma. Pungufu isizidi nusu volti ya kile unachokiona kwenye betri. Pampu inayolalamikiwa kwamba ni dhaifu, mara nyingi inakula volti 11.

Pampu ya kemu husimama injini ikisimama. Ya umeme haijui kama umepinduka. Itaendelea kumwaga mafuta kwenye ajali. Pitisha ile waya ya 85 kwenye swichi ya mshtuko, zile za magari ya EFI ya Ford zinazokata ikigongwa. Ukitaka kutumia swichi ya presha ya oili, kumbuka ile ya taa ya kwenye dashibodi hufanya kinyume: hufunga saketi presha ikiwa haipo. Unahitaji inayofunga presha ikiwapo, pamoja na njia ya pili kutoka kwenye stata ili pampu ipate moto wakati wa kuwasha.

Kupima kabla ya kupanda mlima

Funga geji baada ya reguleta, weka psi 3 injini ikiwa sailensa. Zima. Chomoa mpira wa kabureta, uelekeze kwenye chombo chenye alama za lita, uubane kwa klempu hadi geji isome psi 2.5 pampu ikizunguka. Fanya hili injini ikiwa baridi, nje, mbali na moto. Hesabu sekunde 60. Ukipata lita 1.15 au zaidi, unayo ya kutosha. Ukipata 0.8, rudi nyuma hatua kwa hatua: pima kabla ya reguleta, kisha baada tu ya pampu. Mahali namba inaporuka ndipo penye kizuizi.

Halafu peleka geji barabarani, ifungwe nje ya kioo mahali utakapoiona, kamwe usiingize mpira wa petroli kabini. Panda gia ya tatu hadi raundi 6,000. Sindano ya geji ikishuka hadi 2 na kubaki pale, injini bado inakula. Ikiendelea kuteremka kuelekea 1, bado una kizuizi. Ikibaki 3 na gari bado linapiga chafya, mafuta yanafika. Sasa fungua boksi la jeti.

Plagi zako zisafishe au zibadilishe kabla ya majaribio haya, na badilisha oili pia. Baada ya mafuriko ya aina uliyoeleza, sehemu ya petroli imepita pembeni ya ringi ikaingia kwenye sampu. Nusa kijiti cha oili, utaisikia.